Lini Serikali Ibishe Hodi?

Mwaka 2022 ofisi za ulinzi wa watoto nchini Marekani zilipokea taarifa zaidi ya milioni 4 za watoto waliodhaniwa kuteswa au kunyimwa matunzo. Taarifa hizo ziliwagusa watoto wapatao milioni 7.5. Karibu nusu ya taarifa hizo ziliishia palepale zilipopokelewa: mtu alisikiliza, akaandika, akapima, akafunga jalada. Nusu nyingine zilimtoa afisa ofisini akaenda kubisha hodi. Mwisho wa safari hiyo, watoto kama 559,000 walithibitika kuwa wametendewa ukatili au wameachwa bila matunzo, na inakadiriwa kuwa 1,990 walipoteza maisha.

Nyuma ya takwimu hizo yupo mtu mmoja aliyeshika simu, mwenye nusu ya habari na dakika chache za kuamua. Kwa miaka 150 sasa, dola na wataalamu wamejaribu kumpunguzia mzigo huo. Wamempa sheria, wakampa ushahidi wa madaktari, wakampa fomu, na karibuni wamempa kompyuta. Kila msaada umeacha alama yake, mwingine ya heri na mwingine ya majuto, lakini uamuzi wenyewe bado uko mikononi mwake.

Mtoto asiye na pa kushtaki

Mamlaka ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake ni ya zamani kuliko taifa la Marekani lenyewe. Mwaka 1642 koloni la Massachusetts liliwaruhusu mahakimu kuwachukua watoto ambao wazazi wao walishindwa kuwalea ipasavyo, na kuwakabidhi kwa watu wengine wawafundishe kazi. Karne ya 19 ilipofika, kazi hiyo ilikuwa imeshikwa na mashirika ya hisani. Kasisi Charles Loring Brace wa New York aliasisi utaratibu wa treni ambazo, kati ya 1854 na 1929, ziliwachukua watoto wapatao 200,000 kutoka miji ya mashariki na kuwagawa kwa familia za wakulima magharibi. Wengi walikuwa watoto wa wahamiaji maskini, na si wote waliokuwa yatima.

Hata hivyo hapakuwa na mahali pa kupeleka malalamiko kuhusu mtoto anayeteswa nyumbani kwake. Polisi walitaka ushahidi wa kosa. Mashirika ya hisani yalitaka mtoto aletwe kwao kwa njia ya halali. Jirani aliyesikia kilio usiku hakuwa na mlango wa kugonga.

Kisa kilichobadilisha hali hiyo kilitokea New York mwaka 1874. Etta Wheeler, mwanamke aliyefanya kazi ya kanisa katika mitaa ya maskini, aliambiwa na wapangaji habari za mtoto wa miaka kama kumi, Mary Ellen Wilson, aliyekuwa akipigwa na mlezi wake karibu kila siku. Wheeler alizunguka ofisi moja hadi nyingine bila mafanikio. Mwishowe alimwendea Henry Bergh, ambaye mwaka 1866 alikuwa ameanzisha chama cha kuzuia ukatili dhidi ya wanyama. Bergh akamhusisha wakili wake, Elbridge Gerry. Mwezi Aprili mtoto aliletwa mahakamani amefunikwa blanketi la gari la farasi, usoni ana jeraha la mkasi. Mlezi wake alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja.

Watu hupenda kusimulia kwamba Mary Ellen aliokolewa kwa sheria ya wanyama. Sivyo ilivyokuwa. Gerry alitumia amri ya mahakama ya kumleta mbele ya hakimu mtu anayeshikiliwa isivyo halali. Sheria ya kumwokoa ilikuwapo siku zote, ila hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuitumia. Kabla mwaka huo haujaisha, Gerry na wenzake waliunda chama cha New York cha kuzuia ukatili dhidi ya watoto, cha kwanza cha aina yake duniani. Mary Ellen mwenyewe alikua, akaolewa, akalea watoto, na akaishi hadi 1956.

Zama za wakaguzi wa mtaani

Mfano huo ulivuka bahari haraka. Mfanyabiashara Thomas Agnew wa Liverpool alikitembelea chama cha New York na kuanzisha cha kwao mwaka 1883. London ikafuata mwaka 1884, na mwaka 1889 bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyoiruhusu dola kuingilia kati ya mzazi na mtoto. Marekani nayo, kufikia miaka ya 1920, ilikuwa na vyama vipatavyo 300.

Vyama hivi viliajiri wakaguzi waliozunguka mitaani, na New York wakaguzi hao walipewa hata mamlaka ya kukamata. Mchujo wa taarifa ulikuwa mwepesi: aliyeamini anakwenda, asiyeamini haendi. Maskini wa mijini waliwaogopa, hasa wahamiaji wa Ireland na Italia, kwa kuwa mkaguzi alikuja na vipimo vyake kuhusu usafi, pombe, chakula na namna ya kulala. Lakini mwanahistoria Linda Gordon, alipopekua majalada ya mashirika ya Boston, alikuta jambo ambalo wengi hawakulitarajia: taarifa nyingi zilitoka ndani ya familia zenyewe. Wanawake waliopigwa na waume zao, mama waliotelekezwa, hata watoto, walikwenda kuomba msaada kwa mashirika waliyoyaogopa, wakitumaini mume angelazimishwa kutunza nyumba au wangepata fedha za kodi. Mara nyingi walichopata kilikuwa tofauti na walichoomba.

Mwaka 1899 Chicago ikapata mahakama ya watoto ya kwanza Marekani, na mwaka 1912 serikali kuu ikaunda idara ya watoto. Kisha mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ukakausha michango ya wahisani. Vyama vingi vilikufa au kumezwa na mashirika mengine, na Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935 ikaanza kuhamishia kazi hiyo serikalini. Kwa karibu miaka thelathini iliyofuata, ukatili dhidi ya watoto ulikuwa jambo lililojulikana mitaani na kunyamaziwa ofisini.

Picha za eksirei

Ukimya huo ulivunjwa na madaktari. Mwaka 1946 John Caffey, bingwa wa picha za eksirei kwa watoto, aliandika kuhusu watoto wachanga waliokuwa na damu iliyovujia kichwani pamoja na mivunjiko ya mifupa ya mikono na miguu ambayo hakuna aliyeweza kuieleza. Mingine ilikuwa imeanza kuunga wakati mingine ilikuwa mibichi. Mzazi angeweza kusema mtoto alianguka kitandani jana. Mfupa ulisema alivunjika pia mwezi uliopita. Mwaka 1962 Henry Kempe wa Denver na wenzake walichapisha makala kuhusu mtoto aliyepigwa mara kwa mara, wakaliita tatizo hilo kwa jina la kitabibu, na magazeti yakalipokea kwa kishindo.

Kufikia 1967 kila jimbo la Marekani lilikuwa na sheria ya kuwalazimisha madaktari kutoa taarifa. Orodha ikarefuka: wauguzi, walimu, maafisa wa ustawi wa jamii, walezi wa vituo vya watoto, na katika baadhi ya majimbo, kila mtu mzima. Mwaka 1974 Rais Nixon alisaini sheria iliyosukumwa na Seneta Walter Mondale, iliyoyapa majimbo fedha kwa masharti ya kuwa na utaratibu wa kupokea na kuchunguza taarifa.

Hapo siasa iliacha alama inayoonekana hadi leo. Mwaka 1971 Nixon alikuwa ameukataa muswada mpana wa malezi ya watoto ambao Mondale aliupigania, uliolenga kuzisaidia familia kwa huduma za kulelea watoto mchana. Safari hii Mondale aliusukuma muswada mwembamba, na akaangalia sana ukatili usionekane kuwa suala la umaskini. Uwe ugonjwa unaoweza kumpata mzazi yeyote. Kwa sura hiyo ukapita. Kwa sura hiyohiyo taifa likapata mfumo wenye masikio makubwa ya kusikia shida na mfuko mdogo wa kuitatua.

Mafuriko, na kuzaliwa kwa mchujo

Mwaka 1974 taarifa zilikuwa kama 60,000. Kufikia 1980 zilipita milioni 1, mwaka 1990 zikawa milioni 2, na mwisho wa karne zikakaribia milioni 3. Hakuna jimbo lililokuwa na maafisa wa kubisha hodi mara zote hizo, kwa hiyo kuchuja taarifa kukawa kazi yenye utaalamu wake.

Tuchukue simu moja ya kawaida. Mwalimu wa darasa la pili anasema mwanafunzi wake amekuja na alama nyekundu mkononi, na alipoulizwa alinyamaza. Mpokeaji hamuulizi kwanza kama anadhani ni ukatili. Anauliza alama iko upande gani wa mkono, ukubwa wake, rangi yake, kama ina umbo la kitu fulani, mkanda au waya wa umeme. Anauliza mtoto alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, nani anaishi naye, kama kuna wadogo zake nyumbani, na leo jioni nani atamchukua shuleni. Kisha anapita kwenye maswali ya kisheria. Je, ni mtoto kwa mujibu wa sheria? Je, linalodaiwa, likiwa kweli, linaingia katika tafsiri ya sheria ya jimbo? Je, anayetuhumiwa ni mzazi au mlezi? Akiwa mtu wa mbali, jambo ni la polisi. Je, familia inaweza kupatikana? Jibu likiwa hapana kwa mojawapo, taarifa inaweza kuishia hapo, ingawa hubaki kwenye kumbukumbu, na mara nyingi simu ya tatu kuhusu nyumba ileile husikilizwa tofauti na ya kwanza.

Taarifa ikipita, hupewa kiwango cha haraka. Texas huyatenga mashauri ya saa 24 na ya saa 72. California ina ya kwenda mara moja na ya kwenda ndani ya siku 10. New York hutaka uchunguzi uanze ndani ya saa 24 na umalizike ndani ya siku 60. Afisa akifika huomba kuongea na mtoto peke yake, hufungua friji, hutazama vitanda, huwauliza daktari na mwalimu. Mara nyingi hufunga jalada bila kuthibitisha chochote. Wakati mwingine huitaka familia ikubali huduma. Mara chache zaidi huenda mahakamani kuomba mtoto aondolewe.

Kosa la upande huu, kosa la upande ule

Mfumo huu hujulikana kwa makosa yake, kwa kuwa uamuzi sahihi hauandikwi gazetini. Na makosa ni ya aina mbili.

La kwanza ni kutokwenda, au kwenda na kuondoka. Joshua DeShaney wa Wisconsin alikuwa na miaka minne mwaka 1984 baba yake alipompiga hadi ubongo ukaharibika kabisa. Afisa wa ustawi alikuwa ameitembelea nyumba hiyo mara nyingi na kuandika tuhuma zake kwa uangalifu kwenye jalada. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba katiba haiilazimishi serikali kumlinda mtoto dhidi ya baba yake mwenyewe.

London, Februari 2000, alikufa Victoria Climbié, mtoto wa miaka minane kutoka Côte d'Ivoire. Wazazi wake walikuwa wamemkabidhi kwa shangazi mkubwa aliyeahidi kumsomesha Ulaya, desturi ambayo familia nyingi za Afrika Mashariki zinaijua vizuri. Daktari aliyeuchunguza mwili wake alihesabu majeraha na makovu 128. Lord Laming, aliyeongoza uchunguzi wa umma, alikuta angalau nafasi 12 za kumwokoa ambazo hospitali, polisi na ofisi za ustawi walizipoteza. Hospitali moja ilisema alama zake ni upele. Baada ya hapo neno hilo likasafiri kutoka ofisi hadi ofisi, na nyumba haikukaguliwa kwa sababu waliopaswa kwenda waliogopa kuambukizwa. Tathmini moja mbovu ya mwanzo ilizifunga zote zilizofuata.

Kosa la pili ni kwenda mbio. Mwaka 1987, katika kaunti ya Cleveland kaskazini mwa Uingereza, madaktari wawili wakitegemea kipimo kilichoaminiwa kupita kiasi waliwatambua watoto 121 ndani ya miezi michache kuwa wamenajisiwa. Wengi walichukuliwa makwao, na wengi baadaye wakarudishwa. Sheria ya watoto ya Uingereza ya 1989 iliandikwa huku kisa hicho kikiwa kichwani mwa kila mbunge. Marekani nayo ilikuwa na deni kubwa zaidi. Uchunguzi wa miaka ya 1970 ulionyesha kuwa kati ya asilimia 25 na 35 ya watoto wa jamii za wenyeji wa asili walikuwa wametolewa kwa wazazi wao, mara nyingi kwa sababu tu malezi yao, ya bibi na mjomba, hayakufanana na ya maafisa. Sheria ya 1978 ikazipa mahakama za jamii hizo kauli ya kwanza kuhusu watoto wao.

Kifo kikitangazwa, milango hufunguliwa, taarifa huongezeka na watoto wengi zaidi huondolewa makwao. Familia iliyovunjwa bila sababu ikitangazwa, milango hufungwa kidogo. Jiji la New York liliunda idara mpya ya watoto mwaka 1996 baada ya mauaji ya mtoto mmoja mwaka uliotangulia. Majimbo mengine yana historia kama hiyo. Sera za watoto zimeandikwa sana na misiba, na msiba mmoja ni mwalimu mbaya wa mambo yanayowahusu mamilioni.

Alama kutoka 1 hadi 20

Tangu miaka ya 1980 majimbo yalianza kutumia fomu zenye maswali yaliyopangwa, ili taarifa moja isipokewe na afisa wa asubuhi na kukataliwa na wa jioni. Kaunti ya Allegheny, ambamo mna jiji la Pittsburgh, ilikwenda mbali zaidi. Tangu Agosti 2016 mpokeaji wa simu, akishaandika taarifa, huiuliza kompyuta. Programu hupekua kumbukumbu za kaunti, zikiwamo za misaada ya serikali, matibabu ya akili, jela na mashauri ya zamani, na kutoa alama kutoka 1 hadi 20 inayokadiria uwezekano wa mtoto kuondolewa nyumbani siku zijazo. Alama za juu kabisa hulazimisha uchunguzi, isipokuwa msimamizi akizuia.

Watetezi wake husema binadamu nao huchuja kwa upendeleo, tena upendeleo usioweza kukaguliwa. Mwandishi Virginia Eubanks alijibu katika kitabu chake cha 2018 kwamba kumbukumbu hizo hujazwa na watu wanaotegemea huduma za umma. Mzazi tajiri anayetibiwa ulevi katika kliniki ya kulipia haonekani. Mama anayeomba msaada wa chakula huonekana kila mwezi. New Zealand ilikuwa imesimamisha jaribio la aina hiyo mwaka 2015, na Oregon iliacha kutumia programu yake mwaka 2022.

Ubishi huo umefunika swali la kale zaidi. Kati ya watoto waliothibitika kudhuriwa mwaka 2022, takriban asilimia 74 walihusishwa na kunyimwa matunzo. Waliopigwa walikuwa kama asilimia 17, na walionajisiwa karibu asilimia 11. Ndani ya kutotunzwa mna mzazi aliyelewa na kumsahau mtoto mchanga, mna pia mama wa zamu ya usiku asiye na wa kumwachia watoto. Utafiti wa 2017 ulikadiria kuwa zaidi ya theluthi moja ya watoto wote Marekani huchunguzwa kabla ya kutimiza miaka 18, na zaidi ya nusu ya watoto weusi. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 majimbo kama Missouri yaliweka njia ya pili: taarifa nyepesi hupelekwa kwa afisa anayekuja kuuliza familia inahitaji nini, bila kumtafuta mkosaji.

Kwetu: balozi, dawati na 116

Tanganyika ilirithi kutoka kwa Waingereza sheria ya watoto na vijana ya 1937, iliyomtazama zaidi mtoto mkosaji. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilifuta ile ya kikoloni, na humtaka mwanajamii mwenye taarifa za haki za mtoto kuvunjwa azipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Zanzibar ilipata sheria yake mwaka 2011, na Kenya iliandika upya ya kwake mwaka 2022. Namba ya bure 116 hupokea simu za watoto na watu wazima nchini Tanzania na Kenya, na vituo vya polisi vya Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Lakini taarifa hupita kwa watu zaidi kuliko kwenye namba. Jirani humwambia balozi wa nyumba kumi, balozi humwambia mwenyekiti wa mtaa, na hapo ndipo mchujo wetu unapofanyika, bila fomu wala kumbukumbu. Mwenyekiti mwenye busara huita afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Mwingine huwaita wazee wa pande mbili, jambo likamalizwa kwa fidia na mtoto akarudishwa kwa aliyemdhuru. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania uliofanyika 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikumbwa na ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao hawakumweleza mtu yeyote, na wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi. Marekani huzama katika taarifa. Sisi hatuna zinazotosha, na zinazofika hukutana na methali ya mchelea mwana kulia kabla hazijakutana na sheria.

Wasemaji wa Kiswahili waliohamia Marekani, wakiwamo Wakongo wengi waliopokewa kama wakimbizi, hukutana na mifumo hii miwili kwa siku moja. Kumchapa mtoto kofi si kosa la jinai kwa mzazi katika jimbo lolote huko, lakini kuacha alama kunaweza kumleta afisa mlangoni. Mzazi aliyezoea kusuluhishwa na wazee hujikuta akihojiwa kupitia mkalimani, bila kujua kama aliyekuja anataka kumsaidia au kumchukulia mtoto.

Na afisa mwenyewe mara nyingi ana mambo mawili tu: kuchunguza au kuondoka. Historia yote hii imetumia akili nyingi kunoa uamuzi wa kubisha hodi, na kidogo sana kumwandaa anayebisha. Mkono mtupu haulambwi. Afisa anayeweza kulipia kodi ya mwezi mmoja, kumpatia mtoto nafasi katika kituo cha mchana, au kumpeleka mama kwenye tiba wiki hiyohiyo, anaweza kupokea taarifa nyingi bila kuvunja nyumba nyingi, na jirani hatasita kumpigia. Asiye na cha kutoa isipokuwa mamlaka ya kuchukua ataogopwa hata na wanaomhitaji, na taarifa zilizo nzito kuliko zote hazitamfikia. Nchi zetu, ambazo ndiyo kwanza zinajenga mifumo hii, bado zina nafasi ya kuanza na mkono huo kabla ya kununua kompyuta.